Siku Niliyomwita Mume Wangu kwa Jina

Baba mkwe alikata roho asubuhi, ukungu ukiwa bado umeishika migomba, na nyumbani hapakuwa na mwanamume hata mmoja. Wanaume wa mteremko wetu wa Meru walikuwa wamechukuliwa na askari kwenda kubeba mawe ya boma ambalo Wajerumani walikuwa wakilijenga Arusha. Mume wangu, mwana wa kwanza wa marehemu, alikuwa miongoni mwao. Tulibaki mimi na mama mkwe, naye alikuwa akiona kwa jicho moja tu.

Hakulia. Alimfumba marehemu macho, akamfunga kidevu kwa ukanda wa ngozi, kisha akaniambia nigeuke, maana kwetu mke wa mwana hamgusi baba mkwe, awe hai au maiti. Nilitazama ukuta huku nikimsikia akihema na kuhangaika peke yake, akijaribu kumkunja miguu.

"Akikauka alivyo, kumweka kaburini itakuwa kazi," alisema. "Mwite jirani aje anisaidie. Wewe usirudi hapa. Nenda bomani ukamlete mumeo."

"Mama, wakikataa?"

"Jembe la kwanza la kaburi hupigwa na mwana. Jua likizama hajaja, fisi tutawazuia mimi na nani?"

Nilimwita jirani, mjane aliyekaa ng'ambo ya mfereji, nikateremka mbio. Kiswahili sikukijua. Nilikuwa na maneno machache tu niliyookota kwa wapagazi waliopita kununua ndizi, nikayaunga njiani: Baba amekufa. Nataka mume, azike. Niliyarudia kila hatua. Nilipovuka mto niliteleza, na nilipoinuka neno la mwisho lilikuwa limenitoka. Nilisimama pale, sketi ya ngozi ikichuruzika maji, nikilitafuta kama mtu aliyedondosha shanga. Liliporudi nilianza kuogopa mengine. Je, kama wamewahamishia kazi ya barabara? Je, kama wataniweka huko nichote maji, kama wanawake wengine walivyowekwa? Na yule mzee kule ndani anazidi kupoa.

Langoni pa boma palikuwa na askari mwenye kiboko. Nilimwamkia, nikayasema maneno yangu yote kwa pumzi moja.

"Mume wako nani?" aliuliza.

Hilo nililielewa. Tangu niolewe sikuwahi kulitamka jina la mume wangu. Mke wa kwetu hatamki. Nilimwonyesha kwa mikono: mrefu, ana kovu hapa begani. Askari aligeuka kuutazama uwanja. Nami nikatazama. Wanaume wote walikuwa weupe kwa vumbi la chokaa, kovu lisingeonekana.

"Wengi huja na misiba ya uongo," alisema, akichanganya na maneno ya kwetu. "Taja jina, au rudi kwenu."

Jua lilikuwa limeshapita utosini. Niliweka mikono mdomoni, nikaliita jina lake kwa sauti yote niliyokuwa nayo.

Wanaume wa kwetu walisimama na mawe mabegani, wakanitazama kana kwamba nimevua nguo. Kisha mmoja aliutua mzigo wake, akaja akikimbia.

"Nani?" aliniuliza kabla hajanifikia. "Nani amekufa?"

"Baba."

Aligeuka kumtazama askari. Kijana wa ukoo wetu alijitolea kubeba mawe yake pamoja na ya mume wangu, na askari, baada ya kwenda kuuliza ndani, alimruhusu mume wangu aondoke. Lakini alinielekezea kiboko mimi. "Kesho asubuhi awe hapa. Asipokuja, nitakuja kukuchukua wewe."

Tulipanda mlima, yeye mbele, mimi nyuma, tukilitazama jua. Karibu na nyumbani alipunguza mwendo. "Mama usimwambie jinsi ulivyoniita," alisema bila kugeuka.

Tulimkuta marehemu amekwisha kukunjwa na kuviringishwa ngozi ya ng'ombe. Mume wangu alipiga jembe la kwanza kati ya migomba, nasi wanawake tukawa tunazoa udongo kwa vikapu. Kaburi halikwenda chini sana, tulikutana na mwamba. Nikaona hofu usoni pake. Ilibidi tulifunike kwa mawe mengi, tukiyavingirisha kutoka mferejini, hadi giza likatukuta tukipanga ya mwisho.

Kulipoanza kupambazuka akaondoka kurudi bomani. Nilikwenda kaburini. Nyayo za fisi zilikuwepo, zimezunguka huku na huku, lakini hakuna jiwe lililosogea. Nilirudi kumwambia mama mkwe. Alikuwa amekaa mlangoni, akaitikia kwa kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu jana akaanza kulia.