Mjukuu Wangu Ananyooshwa Kila Asubuhi, na Mimi Ninanyamaza

Wenye ukurasa, ficheni jina langu vizuri, maana Likasi tunajuana na mdomo wangu huu unatambulika hata gizani.

Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na sita, mke wangu alishafariki. Ni muuguzi katika wodi ya watoto wenye shida za mifupa na misuli. Nafunga plasta, nafundisha akina mama kumgeuza mtoto bila kumuumiza. Watoto wananiita Papa Plasta, na tumbo langu wamelifanya mto. Wodini naheshimika. Nyumbani kwangu hata kuku hawanisikilizi, ndiyo maana nawaandikia.

Mwanangu, nimwite Didier, anaishi kwangu na mkewe Nadège. Walipopata mtoto, Merveille, mama yake Nadège alikuja kutoka Panda kumwogesha, kama desturi yetu inavyotaka. Ni mjane mcheshi, mikono yake haichoki. Mnajua wenyewe kuogesha kwa bibi: maji ya moto, mafuta ya mawese, kisha kumnyoosha mtoto. Mikono inavutwa na kupishanishwa kifuani, kisigino kinapelekwa mpaka kwenye paji la uso, halafu mtoto anashikwa vifundo vya miguu, kichwa chini, anatikiswa ili awe na nguvu. Sisi sote tulipita hapo. Na huko ni kwa wanawake. Baba mkwe haingii. Mimi nakaa uani nasikia makofi ya maji na nyimbo.

Siku moja waliniletea Merveille nimbebe. Weupe wa macho yake ulikuwa na rangi ya bluu. Nadège akasema, "Papa, anafanana na weye!" Ni kweli, hata yangu yako hivyo. Marehemu mke wangu alikuwa akiyasifia, nami nikajiona mzuri. Lakini wodini tunayajua macho hayo. Kuna watoto wanaozaliwa na mifupa inayovunjika kama biskuti, na mara nyingi huja na macho hayo. Inapita katika damu. Mimi utotoni nilivunjika mara nyingi, wakasema ni utundu. Didier naye alivunjika hovyo, wenzake wakamwita Kioo. Nikamrudisha mjukuu wangu kwa mama yake polepole, kama yai.

Mtoto wa namna hiyo anainuliwa kwa viganja vyote viwili, kimoja chini ya makalio, kingine nyuma ya kichwa. Havutwi mkono. Hata kumbadilisha nepi, miguu haiinuliwi kwa vifundo. Na bibi yake kila asubuhi anamning'iniza.

Nilimwambia Didier. Alifunga mlango kwanza.

"Papa, unyamaze. Siku ya mahari bakwe balituuliza: kwenu kuko maladi ya damu? Tukasema hapana. Sasa unataka bamurudishe bibi yangu kwabo?" Kwetu huku, "bibi yangu" ni mke wangu, na "maladi" ni ugonjwa.

"Na mutoto?"

"Mutoto iko muzuri. Weye unaona bagonjwa kila pahali, hata kuku unaweza kuifunga plasta."

Nikacheka. Huo ndio ugonjwa wangu mwingine, nacheka mahali pa kulia. Nikajaribu ujanja. Nikamwambia mama mkwe wake, "Mama Nadège, kesho niachie minye nimuoshe, nikuonyeshe namna ya hospitali." Alicheka mpaka akakaa chini. "Papa Didier! Mwanaume kuosha mutoto? Unataka kunifukuza kwa kazi? Nilinyoosha batoto yangu yote, angalia Nadège, mugongo ule hauko wima kama muti?"

Leo Jumapili, tuliporudi misani, mkono wa kushoto wa Merveille ulikuwa umelala tu. Hausogei. Ukimgusa bega, analia kilio kile ninachokijua. Niliufunga kwa kitambaa laini kifuani pake, nikasema ana mafua ya kifua, asiogeshwe mpaka nimpeleke hospitali. Kesho asubuhi atapigwa picha ya mifupa. Nina hakika tutaona mvunjiko mpya, na mivunjiko ya zamani pia.

Lakini mchana huu jirani aliniita kwenye ua, akapunguza sauti: "Ule mama iko na mikono gani? Mutoto analia kila akitoka kwake. Na kwa binti yake mwingine mujukuu alikufa, unajua?" Nilimwambia yule alikufa kwa malaria. Akasonya.

Nikamrudia Didier: picha ikitoka, tutasema nini? Mwanangu hakuniangalia usoni. Akasema, "Tutasema njo mikono ya kambo." Yaani, ndiyo mikono ya nyanya yake mtoto, mama yake Nadège. "Ni muzee. Batamurudisha Panda, itaisha."

Haitaisha. Mnajua mtaani kwetu mama mzee, mjane, anayeambiwa amevunja mifupa ya watoto, anaitwa mchawi. Mnajua vijana wanakuja mlangoni na nini. Na Merveille atabaki na ugonjwa wake bila jina, siku nyingine atashikwa na mikono mingine isiyojua.

Nikisema ukweli mbele ya wakwe, ndoa ya mwanangu inaweza kuvunjika, na kosa litaitwa kwa jina la ukoo wangu. Nikinyamaza, mama huyu atalipia damu yetu. Nyinyi mnaonisoma, hasa mliolea na mlioozesha watoto, niambieni: niseme jioni hii, niseme mbele ya daktari, au nianze na Nadège peke yake? Msinichekee leo, nijibuni upesi. Mama Nadège amenipitia hapa sasa hivi, amepiga pasi kitambaa chake cha misa, ananiambia, "Papa Didier, kesho minye njo nitamuingiza mutoto kwa munganga ya hospitali. Bamuone na kambo yake."