Stendi ya Samaki na Nailoni ya Makochi

Wiki iliyopita nilinunua godoro jipya. Nilipoanza kuichana nailoni yake, ile harufu ya plastiki ikanijaa puani, nikacheka peke yangu chumbani kama mwehu. Ngojeni niwaambie kwa nini.

Nyumbani kwetu Boko, baba yangu, mwalimu wa jiografia, alifuga samaki wa rangi sebuleni. Mama hakumwelewa kabisa. "Samaki haliwi, hauzwi, halafu ana nyumba nzuri kuliko kuku wangu!" Alikubali kwa sharti moja: siku stendi ya mbao iliyobeba matangi mawili ikianza kuoza, samaki wote wanahama, maana ikianguka yatakayolowa ni makochi yake. Na makochi yale yalikuwa mboni ya jicho lake. Tangu yaletwe hayajavuliwa nailoni. Ukiyakalia na kaptula wakati wa joto, ilibidi ujibandue taratibu, la sivyo ngozi inabaki.

Kufuta maji kwenye stendi kila asubuhi ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa na miaka tisa, na samaki wale niliwapenda kuliko nilivyompenda kaka yangu. Lakini na uvivu pia nilikuwa nao. Siku moja nikayatazama makochi, nikapata jibu. Nilichukua nailoni iliyokuja na friji, mkasi na selotepu, nikaivisha stendi mguu kwa mguu mpaka ikang'aa. Baba akaguna kwamba mbao inataka hewa, bora ipakwe vanishi.

"Baba Neema, mwache mtoto," Mama akamkata. "Ana akili huyu, hajakurithi wewe."

Nikakistaafisha kitambaa changu cha kufutia maji kwa fahari.

Miezi michache baadaye sebule ikaanza kunuka kama soksi mbichi, na uyoga ukachomoza kwenye mguu wa stendi. Mama aliichana nailoni. Maji yote yaliyochuruzika yalikuwa humo humo, mbao nyeusi, laini kama mkate uliolowa.

"Samaki wanaondoka leo!"

Nililia kwa kwikwi nimelikumbatia tangi. Baba hakubishana. Aliuliza tu, kwa upole uleule wa darasani:

"Mama Neema, na makochi je?"

Mama akaliendea kochi kubwa, akaichana nailoni yake. Maji ya sabuni aliyolipangusia kila Jumamosi yalikuwa yamepenya kwenye mishono, na ukungu ulikuwa umetanda juu ya maua ya kitambaa. Baba akajitia kukohoa. Mama akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na samaki wakasamehewa.

Fundi alibadilisha miguu miwili, Baba akaipaka vanishi stendi nzima na kuiacha wazi. Makochi tuliyaanika uani. Mama akalikalia moja hukohuko juani, majirani wakipita na shikamoo zao, naye akiitikia kama yupo sebuleni.

Miaka yote nilidhani machozi yale yalikuwa ya kicheko. Nimekuja kuelewa baada ya kuwa na nyumba yangu. Mama alikuwa na makochi yale kwa miaka minne, na siku ile ya uani ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuyakalia yenyewe, si nailoni.