Golikipa Juu ya Orodha

Juzi, kwenye ofisi ya timu yetu pale Ng'ambo, sisi wanakamati tulikaa kuamua wachezaji gani wabaki msimu ujao. Katibu, Mnyamwezi wa Igalula, akasoma: "Golikipa tunamwacha."

Golikipa mwenyewe, Mzaramo, alikuwa dirishani akisikiliza. Aliingia, akapanda mezani, akajilaza chali juu ya orodha, kama watani wanavyolala kaburini kuzuia maziko mpaka wapewe chochote.

"Haya nizikeni, Wanyamwezi nyie!"

"Shuka, mtani, tuna kazi," Katibu akamwambia.

"Sishuki bila changu!"

Ndugu Mwenyekiti alicheka mpaka machozi. "Mpeni jezi yake. Mtani haondoki mikono mitupu."

Akashuka ameikumbatia kifuani, nasi tukashangilia. Ila miaka yote hii sijamwona akiukumbatia mpira namna ile.