Bangi ya Saveta Katika Jiko la Nje

Saveta Hurjui alianza kuogopa siku mbegu zilipofika. Zilitoka Italia ndani ya pakiti ya kahawa, zimechanganywa na unga wake. Aliyezituma ni Ruxanda, binti wa kaka yake, ambaye huko anauguza wazee wa watu wengine kwa kuwa kwetu hapana wa kumlipa awauguze wa kwetu. Saveta alizitenga na kahawa kwa ncha ya kisu, akaziweka kwenye kisosi, kisha akakaa akizitazama kama mtu aliyeletewa nge.

Mmea wenyewe hakuwa mgeni nao. Sisi watu wa kijiji cha Topila tulizaliwa ndani ya bangi. Shati langu la kwanza lilifumwa kwa nyuzi zake, na kitambaa alichofunikwa marehemu baba ndani ya jeneza kilikuwa cha bangi pia. Kila nyumba ilikuwa na kipande chake kando ya mto, bangi ndefu kumpita mtu aliyepanda farasi, ambayo haikuweza kumlevya hata mbuzi. Tuliing'oa, tukaizamisha bwawani ioze, tukaiponda na kuichana, na wanawake wakaisokota majira yote ya baridi huku wakisengenya. Kisha serikali ikajenga kiwanda cha kamba, tukaenda kiwandani. Kisha kiwanda kikauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, bwawa likajaa matairi, na sheria ikaja kutuambia kwamba tulichokuwa tukivaa ni kosa. Kijana wa leo akisikia neno bangi anacheka kichinichini. Hajui kwamba bibi yake alizikwa nayo.

Lakini mbegu zile za Ruxanda hazikuwa za nyuzi. Zilikuwa za dawa, na dawa ilikuwa ya Gavril.

Gavril, mume wa Saveta, alikuwa msokota kamba hodari kiwandani, mwenye mikono mizito kama nyundo. Ugonjwa ulimwingia uti wa mgongo ukamlaza. Hakuweza tena hata kujigeuza kitandani. Saveta alimgeuza kwa shuka, anaikunja chini yake na kuivuta polepole, mchana na usiku, maana mgonjwa wa namna hiyo akiachwa ubavu mmoja ngozi huoza. Vidonge vya zahanati vilikuwa vimeacha kumsaidia. Ruxanda alisema kwa simu kwamba mzee anayemtunza hupewa na daktari mafuta ya mmea huo, naye hulala kama mtoto.

"Panda ndani, shangazi. Nani atakuona?"

"Mungu na msoma mita."

"Mungu hana neno. Msoma mita mpe kikombe cha pombe ya plamu."

"Unacheka kwa kuwa uko mbali. Wakinichukua mimi, nani atamgeuza Gavril?"

Hapakuwa na mtu mwingine. Watoto hawakujaliwa, na majirani tuliobaki ni wazee ambao wenyewe tunahitaji kuinuliwa. Hofu yake yote ilikuwa hiyo. Hakuogopa jela kwa sababu ya jela. Aliogopa kitanda cha Gavril kisicho na mtu kando yake. Vuli ile ile zilipofika mbegu, katika bonde la pili, mfuga nyuki mmoja alitolewa nyumbani kwa pingu mbele ya mama yake, kwa ajili ya vyungu viwili tu vya bangi. Saveta alimwona kwenye televisheni. Uso walikuwa wameuficha, lakini viatu kila mtu alivitambua.

Hata hivyo alipanda. Maumivu ya mtu unayempenda ni mwajiri mkali. Alichukua ndoo za plastiki zilizokuwa za jemu, akazijaza udongo wa vichuguu vya fuko, ambao ndio laini kuliko wote na hauuzwi, akachanganya na samadi ya kondoo. Akaziweka katika jiko la nje, kile chumba cha uani tunachopikia wakati wa joto na kukiacha kwa panya wakati wa baridi. Taa ilikuwa ile ya kupashia vifaranga joto. Ukutani akabandika makaratasi yanayong'aa ya chokoleti, na dirishani akatundika blanketi. Jiko la udongo alilichochea kwa magunzi ya mahindi. Hayo ndiyo mambo yote. Hakununua kitu ila kufuli, na kufuli nalo hakulitia mlangoni, kwa kuwa aliona litasema zaidi kuliko mlango ulio wazi.

Tangu hapo hakujua utulivu. Mbwa akibweka, anaacha kijiko ndani ya supu. Gari likipunguza mwendo, anakwenda kusimama katikati ya ua, kana kwamba mwili wake ungeweza kukificha chumba kizima. Mimea ilipoanza kunuka alichemsha siki na vitunguu saumu mpaka nguo zake zikawa za mpishi wa mkahawa. Nikipita njiani nilimuuliza juu ya uzio, "Dada Saveta, unapika jeshi?" Akaruka kama aliyemwagiwa maji ya moto.

Halafu akafanya kosa ambalo mtu wa mjini asingelifanya kamwe.

Ruxanda alikuwa amemwonya: madume yakionekana, yang'oe yote, usiache hata moja, la sivyo majike yatazaa mbegu na nguvu ya dawa itapotea. Saveta aliyajua madume toka mbali. Alifundishwa kuyatambua kabla ya kufundishwa kusali. Akayang'oa. Lakini moja akaliacha. Kwetu, bangi ya baba haing'olewi yote kabla mama hajapata mimba. Mwanamke anayefanya hivyo anaifunga tumbo nyumba nzima, ya watu na ya ng'ombe. Saveta alikuwa amesikia maisha yake yote watu wakinong'ona kwamba nyumba yake ilifungwa hivyo na mtu fulani. Asingeifunga mara ya pili kwa mkono wake. Tena Mkesha wa Krismasi bila mikate ya maziwa ya mbegu za bangi, ile myembamba tunayoiita nepi za Mtoto Yesu, si mkesha. Tangu kiwanda kife tumekuwa tukila mbegu za dukani, kavu kama mchanga.

"Shangazi, umeniulia kazi," Ruxanda alisema alipoelezwa.

"Si zimezaa? Zimejaa, ukizigusa zinamwagika."

"Ndiyo shida yenyewe hiyo."

"We msichana, tangu lini kuzaa kukawa shida?"

Ruxanda alicheka, kisha Saveta akamsikia analia. Ruxanda akamwambia shangazi yake asikate kabisa tamaa. Kitu kidogo bado kingepatikana, hafifu, kama angeiacha mimea ikomae mpaka baada ya Epifania, sikukuu ya mwanzo wa Januari. Kwa hiyo Saveta akasubiri, na sikukuu ikamkuta na mimea imesimama.

Mkesha wa Epifania padri hupita nyumba hadi nyumba na maji matakatifu. Huingia kila chumba, huingia zizini, hunyunyizia mpaka banda la kuku. Nyumba ikimfungia mlango mmoja, mtaa mzima utajua kabla ya jua kutua kwamba kuna laana inayofugwa humo. Saveta alikuwa amejipa moyo: Baba Visarion ni mzee, macho yake yana ukungu, na pua yake imeziba tangu Novemba. Alitundika mashuka mabichi mbele ya ndoo na kuamini kwamba atapita.

Aliowaona kupitia dirisha ni Baba Visarion, na nyuma yake, akiwa amebeba ndoo ndogo ya shaba yenye maji, Bejan. Huyu ni askari polisi aliyehamishiwa kwetu majira yale, akapanga chumba kwa padri. Mpiga kengele, mbeba ndoo wa miaka yote, alikuwa ameteleza kwenye barafu akavunjika mguu. Yaliyofuata humo Saveta aliniambia baadaye.

Waliimba kwanza chumbani kwa Gavril. Padri alimgusa paji la uso kwa shada la mrihani lililolowa.

"Mwagia chini ya mgongo, Baba," Gavril akasema. "Shetani amekaa huko."

"Maji ni ya kichwa, Gavril."

"Kichwa changu hakijakosa kitu."

Bejan akacheka. Saveta akacheka pia, akasikia kicheko chake kimetoka kibaya.

"Na jiko la nje?" padri akauliza.

"Huko takataka tu, Baba. Panya watupu."

"Hata panya waliumbwa," akasema mzee, na tayari alikuwa mlangoni.

Aliingia chumba kile chenye mwanga mwekundu, akanyunyizia jiko, akanyunyizia dari, kisha akavuta shuka, maana baraka hazipiti kwenye shuka. Akasimama. Akainama mpaka pua yake iliyoziba ikagusa majani.

"Bangi," akasema taratibu, kama anayelitaja jina la ndugu aliyefia ugenini. "Tena imezaa. Hongera, Saveta."

"Ni ya mikate ya Mkesha wa Krismasi, Baba."

"Mkesha ulishapita."

"Ya mwakani."

Padri akairushia maji mara tatu, kama alivyofanya kila kitu, akaelekea zizini akimuuliza ng'ombe hali.

Bejan hakumfuata. Aliweka ndoo sakafuni, akaminya ua moja, akanusa vidole, akavifuta kwenye suruali.

"Mama, hizi si za mikate."

Saveta akaanza kuzifunika tena kwa shuka.

"Mzee anajigeuza mwenyewe?"

"Hajigeuzi. Namgeuza mimi."

"Na ukiwa haupo?"

"Nikiwa sipo anaoza."

"Leo nabeba ndoo," Bejan akasema. "Kofia ya kazi nimeiacha mfukoni. Mtaa ukiisha nitaivaa, nirudi hapa. Nitakachokikuta ndicho nitakachokiripoti. Umenielewa, mama?"

Akainua ndoo akatoka.

Saveta alimkimbilia Gavril. Alikuwa amesikia yote. Ukuta kati ya chumba chake na jiko la nje ni wa udongo mwembamba.

"Labda nifiche kidogo," Saveta akasema. "Kidogo tu, cha kukutuliza wiki moja."

"Choma."

"Gavril, nimeingojea tangu vuli."

"Choma, mwanamke. Maumivu nimeyazoea. Kugeuzwa na mtu mwingine sitazoea."

Akachoma. Hakuweza kungoja giza, kwa hiyo alichoma mchana kweupe, na hilo lilimtisha kuliko yote. Mashina mabichi yalilia ndani ya jiko, mbegu zikapasuka kama mahindi, na kwa kuwa hapakuwa na upepo moshi haukupanda. Ulilala juu ya theluji na kusambaa njiani, mzito, wa kijani. Alikata, akasukuma, akakata tena, huku akisikiliza wimbo wa padri ukienda kutoka nyumba hadi nyumba. Mbwa walimwambia walipofika. Sasa kwenye kinu cha unga. Sasa kwa mjane. Sasa nyumba ya mwisho.

Nyumba ya mwisho ni yangu. Moshi ulifika kabla ya padri, na mtu aliyekulia Topila haulizi ni moshi wa nini. Niliwaketisha mezani. Nikamimina pombe ya plamu, nikaanza habari za kiwanda, jinsi walivyozibomoa mashine kwa nyundo mbele ya macho yetu, nani alitia saini na nani alikula. Sihitaji kusukumwa ili kuanza habari hizo, na Baba Visarion ni mtu wa kubisha. Bejan alinywa kikombe kimoja, macho dirishani.

"Moshi ule ni wa nini, mzee?"

"Wa watu wanaosikia baridi."

"Mbona unanuka hivyo?"

"Umaskini hunuka, kijana. Ongeza kidogo."

Akaongeza. Sijui kama ni kwa ajili yangu au yake Saveta. Kisha akasimama, akatoa kofia mfukoni, akaivaa mbele ya kioo changu kwa uangalifu, akatoka.

Saveta alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono myeusi hadi viwikoni, Bejan alipoingia. Ndoo zilibaki na udongo tu. Taa ilikuwa imezimwa.

"Umepanda nini humu?"

"Vitunguu."

"Havijaota."

"Baridi, mwanangu."

Bejan akafungua mlango wa jiko, akatazama makaa, akafunga. Akazunguka chumba. Chini ya buti lake kitu kikapasuka, kisha kingine. Sakafu nzima ilikuwa imemwagikiwa mbegu, naye Saveta kwa kuhangaika hakuwa ameziona. Sasa aliziona zote. Alifumba macho akangoja mlio wa pingu. Alikuwa akiwaza nani wa kumwita amgeuze Gavril, na hakuna jina lililokuja.

"Fagia, mama," Bejan akasema. Akaondoka.

Gavril aliishi mpaka miti ya plamu ilipotoa maua. Dawa ile hakuionja. Alipiga kelele usiku mwingi, nasi mtaani tulizisikia, na wale walioandika sheria, ambao hawajawahi kulala kitanda kimoja na maumivu, hawakuzisikia. Lakini hakukaa ubavu mmoja hata siku moja, na ngozi yake ilizikwa nzima. Saveta alimwosha mwenyewe, akalionyesha hilo kwa kila mwanamke aliyekuja kumlilia.

Hofu haikuondoka na jeneza. Ni miaka sasa, jiko la nje limejaa kuni, na Bejan alishahamishwa. Nikimpelekea Saveta mkate nagonga lango, na ndani kila kitu kinanyamaza: kijiko, redio, hata kiti. Sifunguliwi mpaka niseme jina langu, kisha niseme kwamba niko peke yangu.