Karatasi ya Hesabu ya Mwanabaraka

Mwanangu alikuwa kichwa cha darasa. Siku matokeo ya darasa la saba yalipobandikwa ukutani, kwa hesabu alikuwa wa mwisho.

Si wa pili kutoka mwisho. Wa mwisho kabisa, chini ya mtoto mmoja aliyekuwa akija skuli siku mbili kwa wiki.

Nikalisoma lile jina mara nne. Mwanabaraka Shaame. Nikamwomba mtu aliyesimama karibu yangu anisomee yeye, labda macho yangu yana kasoro. Akanisomea, akaniangalia kwa huruma, akaondoka zake.

Naomba msinitukane kabla hamjafika mwisho. Mkifika, nitukaneni tu.

Ilikuwa mwaka mmoja baada ya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Kwetu ni Pemba, kijiji kimoja njia ya Pujini. Kama hukuwepo wakati ule, ni tabu kukuelewesha. Watu walisusiana. Wa chama hiki hamsalimii wa chama kile, hanunui dukani kwake, haendi harusini kwake, na akifa hamziki. Ndugu wa tumbo moja walipishana njiani kimya.

Jirani yangu, ukuta kwa ukuta, alikuwa Mwalimu Nyange. Akisomesha hesabu skuli moja ya mjini Chake.

Na yeye alikuwa chama kile.

Sasa, skuli yetu haikuwa na mwalimu wa hesabu tangu Mwanabaraka yuko darasa la tano. Aliyekuwepo alihamishwa, hakuletwa mwingine. Kila alasiri watoto wakitoka chuoni kusoma Kurani, Nyange akiwakusanya barazani kwake na kuwafundisha bure. Ubao wake ulikuwa mlango mkuukuu alioupaka rangi nyeusi. Hakumuuliza mtoto baba yako chama gani.

Mwanabaraka alikuwa hakosi hata siku moja. Alikuwa anaitaka skuli ya mchepuo, ile wanayochaguliwa waliopasi sana. Anataka awe daktari, na alikuwa anasema hivyo mbele ya wageni bila ya haya. Usipochaguliwa mwaka ule, basi tena, hakuna kurudia.

Kificho ndiye aliyekuwa mkubwa wa chama chetu pale kijijini. Siku moja akanisimamisha nje ya msikiti baada ya sala ya alasiri, mbele za watu.

"Shaame, nasikia mwanao yumo barazani kwa yule."

"Anafunzwa hesabu tu," nikasema.

"Hesabu gani? Leo hesabu, kesho kadi ya chama. Au na weye ushapewa?"

Watu wakacheka. Na mimi, mtu mzima na ndevu zangu, nikaona kuchekwa ni jambo kubwa kuliko mtihani wa mwanangu.

Nikaenda moja kwa moja barazani. Nilimkuta Mwanabaraka ameshika chaki, anatafuta jibu mbele ya wenzake. Nikamkamata mkono. Nyange akasimama.

"Shaame, mtihani umebaki miezi mitatu," akasema. "Mie nisusie, lakini yeye mwachie."

Nikamvuta mwanangu tukatoka. Mimi na Nyange tulikuwa hatusemeshani, miezi minane sasa.

Tulipofika nyumbani nikamwambia Mwanabaraka atie udhu. Akatia. Nikateremsha msahafu, nikauweka juu ya kiti.

"Weka mkono. Sema wallahi sitakanyaga tena kwa yule mtu, wala sitatumia kitu chochote alichonifunza. Vyote vitoe kichwani."

Mke wangu Zulekha alikuwa uani anakuna nazi. Akaacha kukuna.

Mwanabaraka akaniangalia. Alikuwa na miaka kumi na tatu.

"Hata asilimia, baba?"

"Hata asilimia."

Akaapa. Neno kwa neno, kwa sauti ndogo, kisha akaondoka kwenda kuchota maji.

Mimi lile neno nililisahau siku ile ile. Nilichotaka ni kwamba asiende kwa Nyange, basi, yale mengine yalikuwa hasira inajisemea yenyewe.

Na msidhani nilimtupa mwanangu. Ndio kwanza nikajitia baba bora. Nikamkataza mama yake kumtuma kisimani. Karafuu tukaanika wenyewe, yeye tukamwacha na madaftari yake. Nikamnunulia mafuta ya taa ya akiba, kalamu mbili na rula. Asubuhi uji, na yai ambalo mimi mwenyewe nilikuwa silipati. Wiki ya mtihani nikaenda kwa shehe akamwandikia kombe, aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, tukaziosha kwa maji ya marashi akanywa. Siku ya hesabu nikamsindikiza hadi mlangoni mwa skuli, nikamsomea dua.

Kila kitu nilimpa. Sikuwahi tu kumuuliza kwa nini siku hizi akilifungua daftari la hesabu, analifunga tena.

"Ilikuwaje?" nikamuuliza aliporudi.

"Alhamdulillahi, baba."

Nikaridhika.

Basi ndio yakaja hayo matokeo. Masomo mengine yote yuko juu, na hesabu ndiyo iliyomwangusha, mchepuo akaukosa. Sikuhitaji hata kufikiri.

"Wamemfelisha," nikasema.

Kificho akadakia. "Si nlikwambia? Wano wa chama kile hawawataki watoto wetu."

Tukaenda watu sita kwa mwalimu mkuu, mimi mbele, nimepandisha hasira. Nikampigia meza. Nikamwambia siasa zenu mpaka kwa watoto wadogo hamuoni haya. Mwenyewe nilisema hivyo, kwa mdomo wangu huu.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu mpole. Akaningoja nimalize.

"Bwana Shaame, aliyesimamia chumba kile alitoka skuli nyengine, na alikuja kunieleza siku ile ile. Mwanao alijibu yale maswali ya mwanzo, ya kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawa. Robo saa tu. Kisha akaweka kalamu chini, akafunga mikono, akakaa hivyo hivyo mpaka kengele. Msimamizi alidhani anaumwa. Akamuuliza, akajibu hajambo."

Wenzangu niliwaacha kule kule.

Mwanabaraka nilimkuta jikoni anapepeta mchele. Nikachutama mbele yake.

"Mwanangu, maswali yale mengine hukuyajua?"

"Niliyajua."

"Mangapi?"

"Yote, baba."

"Sasa mbona hukuyajibu?"

Aliendelea kupepeta, haniangalii.

"Yale ya mwanzo alinifunza mwalimu wa skuli. Yale mengine alinifunza Mwalimu Nyange. Na mie niliapa."

Nikakaa chini pale pale sakafuni. Nililia mbele ya mwanangu kwa mara ya kwanza, na yeye ndiye aliyeinuka kuniletea maji ya kunywa.

Zulekha alikuwa amesimama mlangoni. "Mie nlikuwepo siku ile nkanyamaza," akasema. "Tumemfelisha sote wawili."

Mchana ule ule, kijiji kizima kinaniona, nikaingia kwa Nyange. Nikamweleza. Akaingia ndani, akatoka na nakala ya maswali ya mtihani, akawa anayapitia kwa kidole.

"Hili tulilifanya. Na hili. Hili yeye ndiye aliyewaonesha wenziwe." Akaikunja karatasi. "Angepata zote, Shaame."

Hakunilaumu hata kidogo. Afadhali angenilaumu.

Lakini aliyenimaliza ni shehe. Nilikwenda kumuuliza juu ya kile kiapo, maana nilianza kuogopa na upande wa Mungu.

"Kiapo cha kujizuilia kheri huvunjwa," akasema. "Kafara yake kulisha masikini kumi. Asiyeweza, hufunga siku tatu. Mbona hakuja kuniuliza?"

Siku tatu. Mwanangu alikuwa anafunga Ramadhani nzima tangu ana miaka tisa. Lakini angeanzaje kuuliza, na kinywa nilikifunga mimi?

Niligonga kila ofisi. Jibu moja: mtihani umepita. Aliendelea skuli ya kawaida mpaka kidato cha pili, akaacha, akaolewa Wete. Anashona nguo. Hajawahi kuninyanyulia sauti, wala hajawahi kulitaja jambo lile.

Vyama vile baadaye vikapatana, vikagombana, vikapatana tena. Kificho nilimuona kwenye harusi moja anakula sinia moja na Nyange, wanacheka. Mimi chakula kilinishinda.

Mwezi uliopita nilikwenda Wete kwa Mwanabaraka. Mwanawe wa mwisho, Talib, yuko darasa la mtihani. Anapenda hesabu. Nikasema kwa furaha kwamba wiki ya mtihani wake nitakuja nilale pale, nimsindikize mjukuu wangu kila asubuhi.

Mwanabaraka akanishika mkono, akaubusu kama anavyofanya siku zote.

"Baba, niwie radhi," akasema taratibu. "Wiki ya mtihani usije."

Nikamwambia sawa, mwanangu.

Wewe mwenye mtoto wa mtihani mwaka huu, mpe uji, mpe taa, mpunguzie kazi. Ila ugomvi wako na watu usimtwike. Na kaa naye umuulize ana hofu gani, umsikilize mpaka amalize. Tena akiwa mtiifu ndio umchunge zaidi, kwa sababu unalolisema kwa hasira ukalisahau, yeye atakwenda kulifanya.

Talib anaanza Jumatatu. Mimi nitakuwa huku kwangu, namwombea kwa mbali.