Kabla ya Kurudi

Mwanangu, iko siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Ilikuwa miaka ya sabini. Tulikuwa tumekimbia kutoka Burundi, tukapewa shamba hapa Makere. Kijana mmoja mwenyeji, Muha wa kijiji cha Titye, Yohana, alileta wazee wake kunichumbia. Baba akawarudisha.

"Binti yangu ataolewa kwetu," aliwaambia. "Mvua hizi zikiisha tunarudi."

Mhubiri mpita njia alikuwa amemwonyesha katika kitabu cha Yeremia ahadi ya Mungu kuwarudisha watu wake nyumbani. Tangu hapo Baba hakupanda hata mgomba mmoja. Majirani walipanda maharage, sisi tukawa tunawaomba chakula. Nilimpenda Yohana, sikufichi. Lakini kilichonisukuma ni kumwona Mama, naye mjamzito, akishinda na njaa juu ya ardhi nzuri namna ile.

Nikaenda kwa katekista wetu, mwalimu wa dini, Mzee Leonidasi, mkimbizi kama sisi. Sikumwomba anibembelezee Baba. Nilimwomba aje wasome na Baba kitabu kile.

Alikuja siku ileile. "Baba Sesiliya," alisema, akimwita kwa jina langu, "hebu nisomee maneno yanayotangulia ahadi hiyo."

Baba akasoma polepole. Wajenge nyumba huko walikohamishiwa. Wapande, wale matunda yake. Wawaoze watoto wao. Wauombee mji ule amani. Kisha miaka sabini ipite. Ndipo warudi.

Baba akauliza, "Na sisi ni miaka sabini?"

"Sijui. Hesabu ile walipewa wao, yetu hatukupewa. Lakini Mungu angeweza kuwaambia ule mwisho tu. Aliwapangia jambo baada ya jambo ili anayengoja ajue kazi yake ya leo, na mtu akija na tarehe zake asimfuate."

"Nikipanda, Mwalimu, nitakuwa nimesahau kwetu."

"Aliyewaambia wapande ndiye yule yule aliyewaahidi kurudi."

Kesho yake Baba alikwenda kwa jirani kuomba machipukizi ya migomba. Alichimba mashimo machozi yakimtoka, na sisi tukapanda maharage kabla mvua haijakatika. Mama alijifungua salama tukiwa na chakula chetu. Baada ya mavuno Baba mwenyewe aliwaita wazee wa Yohana, nikaolewa. Hakuwahi kurudi Burundi. Amezikwa hapa, na ile ahadi hakuiacha mpaka pumzi ya mwisho.

Basi nawe, mjukuu wake, umeniambia unataka kuacha masomo yako kule Kibondo kwa sababu mtu amekutajia mwezi ambao dunia itakwisha. Usisome unabii kwa kurukia mwisho. Usome ulivyopangwa, uangalie ni kipi kinachotangulia mbele yako leo, ukifanye kwa moyo wote. Mwisho mwachie mwenyewe aliyeupanga.

Jumatatu urudi darasani. Mungu akupe moyo wa kungoja na mikono isiyolegea, na wanao washibe katika nchi hii.