Udongo wa Chini Ukiwa Juu

Usiku ule nililala na viatu miguuni, kwa hasira. Tulikuwa tumepiga kambi katika Bonde la Rukwa, mahali ambapo ardhi imepanda kama ngazi moja ndefu inayofuata mguu wa mlima. Asubuhi iliyofuata kijiji kilikuwa na mkutano wa kupitisha ujenzi wa bweni la wasichana, chini kabisa ya ngazi hiyo, na vigingi vilikuwa vimeshapigwa. Mimi ndiye niliyetakiwa kuwaambia kama ufa wa ardhini ulioijenga ngazi ile bado uko hai, yaani unaweza kuleta tetemeko tena, au umekufa.

Nilikuwa na hakika kwamba uko hai, ila majibu ya maabara yalinisuta. Kazi yetu ni kupima mchanga umekaa gizani muda gani. Punje ikiona jua husahau umri wake, ikifukiwa huanza kuhesabu upya. Sasa ukutani mwa handaki tulilochimba, tabaka la chini lilitoka changa na la juu yake likatoka kongwe, kana kwamba mtoto amemtangulia mama kuzaliwa. Bosi wangu alicheka kwenye simu. Akasema tumechanganya sampuli, niwaambie wanakijiji kwamba hatukupata kitu, wajenge tu. Mwenzangu Tumaini alinionea huruma, na huruma yake iliniudhi kuliko kile kicheko.

Usingizi ukanichukua hivyo hivyo nimenuna.

Nikajikuta nimesimama mlangoni mwa darasa la sita, nimechelewa, na ubaoni yuko Mwalimu Kapele. Ndiye aliyenifundisha jiografia, ndiye aliyenitia wazimu wa mawe, na tulikuwa tumemzika masika yaliyopita. Amevaa koti lake la kahawia, mifuko imejaa chaki.

"Shikamoo, Mwalimu."

Haitikii. Wala sishangai. Alipokuwa hai hakuitikia shikamoo ya aliyechelewa mpaka ajibu swali. Nilishawahi kusimama mlangoni pale hadi kengele ya uji. Nikangoja swali langu. Badala yake akatoka nje, nami nikamfuata, na huko nje si uwanja wa shule tena, ni makaburini, jua linawaka. Watu wanafukia kaburi lake. Naona mgongo wangu mwenyewe katikati ya wafiwa, nikilia. Mwalimu amesimama kando yangu anatazama akizikwa, ametulia kama mtu anayesimamia mtihani.

"Mlipomaliza kunifukia," akauliza, "juu palikuwa na udongo gani?"

Naangalia. Tuta ni jekundu, rangi ya udongo wa kina kirefu, na pembeni limelalia majani mabichi.

"Mwekundu, Mwalimu. Wa chini."

"Ulifikaje juu?"

"Watu waliutoa."

"Na kwenye handaki lako, aliutoa nani?"

Kabla sijafungua kinywa tuko kwenye ngazi, milima nyuma yetu, hakuna hema wala handaki. Nchi inatetemeka. Upande wa mlima unapanda, upande wa bonde unazama, na kati yake unachomoza ukuta mbichi, udongo wa kale umesimama wima mbele ya jua. Halafu ukuta unamomonyoka. Unaanguka kwa mabonge makubwa ambayo mwanga haujaingia ndani yake, yanajilaza juu ya mchanga ulioletwa na mvua za juzi. Kongwe juu ya changa. Hatukuwa tumechanganya chochote. Nikaanza kucheka, nikacheka mpaka machozi, na furaha ile bado ninayo ninapoandika haya.

"Ufa ndio ulioutoa," nikasema. "Na kama mchanga wa chini ni wa juzi, basi ufa umeamka baada yake. Uko hai, Mwalimu. Majibu yako sawa."

Akajipangusa chaki mikononi, taratibu, kama afanyavyo kipindi kikiisha.

"Wale mabinti wasilale pale," akasema. Kisha akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Marahaba, mwanangu."

Niliamka na neno hilo masikioni, kumepambazuka. Viatu nilikuwa navyo tayari, kwa hiyo nilimvuta Tumaini kutoka hemani kwake na tukateremka handakini mbio. Nikakwangua ukuta kwa kisu. Tabaka la juu halikuwa tabaka. Lilikuwa mabonge yaliyobanana, kila moja na kingo zake. Moja lilikuwa na udongo mweusi na mabaki ya mizizi, na mizizi ile ilitazama juu.

Tumaini aliligusa, akaligusa tena. "Hili lilianguka kichwa chini," akasema. "Dada, hili ni tetemeko."

Bosi nilimpigia nikiwa bado handakini. Safari hii hakucheka.

Mkutanoni niliwaamkia watu, na kabla ya kueleza lolote nikauliza: mkishafukia kaburi, juu panakuwa na udongo gani?

"Mwekundu," wakajibu akina mama wa nyuma, wote pamoja.

Basi nikawachukua hadi handakini, wakauona udongo wa chini ukiwa juu kwa macho yao. Jioni vigingi viling'olewa, vikapelekwa kwenye mwamba, mbali na ufa. Wasichana wenyewe ndio waliovibeba, wakiimba.